Kifaa Kisichouzwa Nje

Kifurushi kilifika Jumanne, siku ya kumi na tisa tangu kiagizwe, na karani wa wakala wa mizigo akakikata kwa wembe mbele ya mama na mwanawe, kama utaratibu ulivyotaka. Ndani mlikuwa na kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni, na ndani ya kisanduku kifaa cha masikio cha rangi ya maziwa, aina ambayo kiwanda kiliiuza katika nchi yake tu. Karani alisoma karatasi iliyofuatana nacho.

"Hiki wameandika hakiuzwi nje," alisema. "Kimefika kwa sababu mliagiza kwa anwani yetu ya kule. Lakini mjue, kitasikia cha kwao."

"Cha kwao vipi?" mwana aliuliza.

"Cha kwao tu. Juzi kuna mzee kachukua birika la umeme, halichemki mpaka kukuche kule. Tia sahihi hapa."

Mwana alitia sahihi. Mama hakusikia mazungumzo hayo, kwani ulikuwa mwaka wake wa saba wa uziwi.

Alikuwa fundi saa. Tangu masikio yafunge alikuwa akiibana saa kwa meno na kuisikilizia kwenye taya kama inatembea sawa, na wateja walimwamini kuliko zamani. Kilichomkera ni kingine. Mwana na mkewe walikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu, ameanza kusema, na kwa ushahidi wa nyumba nzima neno lake kubwa lilikuwa "bibi". Bibi mwenyewe alikuwa ameiona midomo tu. Ndipo wakaagiza kifaa, maana hospitali walikiri kwamba vilivyoko madukani havifui dafu kwa uziwi wa namna ile.

Wangeweza kumtuma binti mkubwa wa mama, aliyekuwa kule kule kwa mwaka wa kumi na moja. Lakini yeye alisema kazi za ofisini zimemfika shingoni na nyumba anahamahama, afadhali watumie wakala, akawatajia na wakala wa kumtumia. Huyo nyumbani walizoea kumwita Chiriku. Alikuwa akiongea tangu anaamka mpaka usingizi unamkuta katikati ya hadithi.

Mama alikivaa kifaa mezani pake, mbele ya lenzi na vikoleo. Mtoto akapandishwa kwenye kiti na kuambiwa aseme. Akasema. Mama akasikia mvua.

Ilikuwa mvua ya kule, ikipiga bati la paa pana. Ubavuni mwa kifaa palikuwa na kigurudumu. Mama alikisogeza kwa ncha ya kikoleo, unene wa unywele, akasikia treni ikipita chini ya ardhi. Unywele mwingine: viatu maelfu juu ya mawe, mlango wa lifti, mwanamke akicheka huku anapiga chafya, jani kubwa likikokotwa na upepo kwenye uwanja mtupu. Baada ya miaka saba ya kimya alikuwa ameletewa nchi nzima, haikupungua kitu. Aliweka mkono kifuani. Alijiona mdogo sana, na furaha yake ilikuwa nzito hata akashindwa kuinuka.

Mwana aliandika kwenye daftari walilozungumzia: *Vipi, mama?*

"Kule kunanyesha," mama alisema.

*Basi karani hakutudanganya,* mwana aliandika.

Kigurudumu kilipoachwa kilirudi chenyewe mahali kifaa kilipofungashwa, kwenye ghala la wakala kule. Hapo ndipo palipokuwa na lile paa pana, na chini yake selotepu ikivutwa, mashine ya kusoma lebo ikilia pi, mikokoteni, na mtu akiwaita wafanyakazi kwa namba. Lugha ya kule mama aliijua kiasi cha kuagizia betri za saa, kwa hiyo namba zake alizijua. Kumi na Nne aliitwa kuliko wenzake wote. Siku ya tatu Kumi na Nne aliangusha kitu kizito, akasonya.

Ulikuwa msonyo mrefu, mwembamba, unaopanda mwishoni. Mama alikuwa ameugombeza msonyo huo kwa miaka ishirini, na angeutambua hata ahera. Akaweka kikoleo chini.

Tangu siku hiyo hakukigusa tena kigurudumu. Alimsikia bintiye akifungua maboksi makubwa na kuyafunga upya madogo, goti la kushoto likialika kila alipoinama. Kwa saa kumi za zamu Chiriku hakutamka neno. Mama angeweza kuvumilia mengine yote, lakini hilo lilimliza. Katika nchi nzima ile, yenye treni zake na vicheko vyake, sauti iliyokosekana ilikuwa moja.

Wiki ya pili mwana alileta fomu ya kurudishia. Wakala angewabadilishia, wapewe kifaa kingine, kinene na kibaya cha sura, lakini kinachosikia popote. Mwisho ulikuwa Ijumaa. *Utamsikia mtoto,* mwana aliandika, akapigia mstari.

Mama alimtazama mtoto, ambaye wakati huo alikuwa akimweleza jambo refu kwa mikono yote miwili. Alitamani kulisikia.

"Hakirudi," alisema. "Kinasikia vizuri."

Mwana alimjua mama yake. Akishasema hivyo haambiliki. Akaikunja fomu.

Jumamosi Chiriku alipiga simu. Mwana aliweka sauti ya wote na kushika kalamu, tayari kumwandikia mama, lakini haikuhitajika. Sauti ilimfikia mama moja kwa moja, na simu, kwa kuwa ilikuwa na safari ndefu, ilifuata nyuma kwa sekunde tatu. Mama akawa anajibu kabla mwana hajasikia swali.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu."

"Jamani, kumbe kweli unasikia! Si niliwaambia mtumie wakala? Mimi hapa ofisini nina kiti cha magurudumu, mama, ukisukuma mguu kidogo umefika kwa jirani. Zulia mpaka kwenye ngazi! Chai tunaletewa."

Nyuma yake ulipita mkokoteni.

"Umekula?"

"Mpaka nimevimbiwa."

Tangu asubuhi mama hakuwa amemsikia akitafuna hata tonge.

"Na likizo?"

"Mwaka huu tena imegoma. Karatasi zangu bado anazo bosi. Mwakani, Mungu akipenda."

Mama alitaka kumwambia arudi hata na nguo aliyovaa. Alijikaza.

"Basi keti kidogo, mwanangu," alisema. "Umesimama tangu asubuhi."

Kisha mama akasikia goti likialika, na boksi likibonyea chini ya uzito, na pumzi ndefu ikishuka. Walikaa hivyo, mmoja mezani pake, mwingine juu ya mzigo wa mtu asiyemjua, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amejuaje.

Kumi na Nne akaitwa. Boksi likapumua, selotepu ikavutwa. Mama akaichukua saa iliyokuwa mbele yake na kuibana kwa meno. Mwana alikuwa ameileta simu sikioni na kuishika kwa mikono miwili, kwa sababu kwenye simu, nyuma kwa sekunde tatu, dada yake alikuwa bado ameketi.