Saa Thelathini na Tatu za Fizikia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa na karatasi mpya. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi nyingi kuliko haja, na ilikuwa na mhuri. Ilisema kwamba maoni kuhusu muswada wa sheria ya matumizi ya intaneti shuleni yangepokelewa na kamati ya muswada Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa mji, na kwamba wanafunzi nao walikaribishwa.

Msichana waliyemwita Karani aliisoma mara mbili, kisha akanakili kifungu cha sita neno kwa neno. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kikao cha darasa kilichopita bila yeye kuandika nani alisema nini. Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi: mwanafunzi hataruhusiwa kutumia intaneti shuleni ila kwa kibali cha maandishi kutoka ofisi ya elimu, na kila kibali kitatumika siku moja tu.

Kwa Karani hesabu ilikuwa nyepesi. Mwalimu wa fizikia alikuwa amehamishwa mwezi wa pili na hakuletwa mwingine. Tangu hapo yeye na wenzake kumi walikuwa wakisoma kwa video, wamebanana mbele ya kioo kimoja, mmoja akiisimamisha na mwingine akichora ubaoni. Mtihani wa mwisho ulikuwa miezi mitano mbele. Ofisi ya elimu ilikuwa haijajibu hata barua ya kuomba mwalimu. Ikiwa kila siku ingehitaji kibali chake, basi fizikia ilikuwa imekwisha, na bila fizikia asingetia mguu katika chuo cha uhandisi.

Mchana wenzake walikusanyika nyuma ya darasa. Kijana aliyeitwa Spika, kwa kuwa sauti yake ilifika kabla yake, alitaka waandamane. Mabango alikuwa ameshayatunga, mengine yana vina. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kelele haina mahali pa kuandikwa kwenye muhtasari wa kamati. Alichotaka yeye ni daftari.

Daftari hilo lilikaa mlangoni pa chumba cha kompyuta. Fundi wa maabara, mtu mnyamavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hakumruhusu mtu kuketi bila kuandika jina, saa na kazi aliyoijia. Kulikuwa na miaka miwili ya maandishi humo. Wakagawana kurasa na kuhesabu mpaka kengele ya jioni, na matokeo yakawa matamu: kati ya kila watu kumi walioingia, tisa walikuja kusoma biolojia.

Spika alisema kazi imekwisha. Karani naye alikuwa karibu kuamini, mpaka alipoona jina la Spika limeandikwa mara arobaini na moja. Spika hakuwa akisoma biolojia. Aliiacha mwaka juzi, siku walipompasua chura.

Akarudi kwenye kurasa, safari hii akitazama mwandiko badala ya hesabu. Neno biolojia lilikuwa limeandikwa mara chache sana. Kwa kawaida aliyeingia wa kwanza ndiye aliyeliandika, kwa kuwa fundi hakuwahi kulitilia shaka. Waliomfuata, kwa uvivu au kwa haraka, waliweka chini yake vijistari viwili, maana yake kama hapo juu. Kurasa nzima zilijaa vijistari. Yeye mwenyewe, pamoja na fizikia yake yote, alikuwa ameviweka. Kwa mujibu wa daftari, shule nzima ilikuwa imekaa miaka miwili ikimtazama chura.

Jioni alimweleza baba yake wakati akimsaidia kukunja mnyororo wa kupimia. Baba alikuwa mpima ardhi, na alikuwa ameshatia saini barua ya wazazi ya kuunga mkono muswada. Hakumficha binti yake jambo hilo, wala hakuomba radhi. Aliposikia habari ya vijistari alicheka mpaka akauachia mnyororo.

“Mwanangu, kamba ikilegea, hata ukipima mara mia unapata kosa lile lile. Tena unalipata kwa uhakika.”

“Najua, baba. Natafuta kamba nyingine.”

“Ukiipata niletee. Saini yangu ina kifutio.”

Kamba nyingine alikuwa nayo fundi. Jumanne asubuhi Karani alimuuliza kama mitambo yenyewe huweka kumbukumbu. Fundi akavua miwani, akaifuta, akasema kisanduku kinachogawa intaneti huandika kila ukurasa uliofunguliwa, kwa mashine na kwa dakika, ila huhifadhi siku thelathini tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, basi hakuwahi kusema. Akachapisha kurasa mia na nne.

Walizipitia mara mbili, watu wawili wawili, na pale wawili walipotofautiana wa tatu alihesabu upya. Jumatano saa sita mchana jedwali lilikuwa tayari. Mashine zote kumi na mbili zilitumika kwa jumla ya saa mia mbili na kumi na mbili. Masomo yalichukua mia moja na kumi na nane, na kati ya hizo thelathini na tatu ni za fizikia, kwenye kioo kile kimoja. Muziki na filamu, thelathini na moja. Mengineyo, kumi na mbili. Mpira, hamsini na moja.

Spika aliiangalia ile hamsini na moja kama mtu aliyekuta picha yake kituo cha polisi.

“Na mimi umenitia humo?”

“Sijaandika jina. Nimeandika mashine namba tisa.”

“Karani, hata paka wa shule anajua namba tisa ni ya nani.”

Akapendekeza mpira uingizwe kwenye mengineyo. Wengine wawili wakaona ni busara. Nani atapeleka kisu kwa mchinjaji? Karani akajibu kwamba mficha uchi hazai. Mjumbe mmoja akigundua namba moja iliyofichwa, zote zilizobaki zitakuwa vijistari. Kisha akaenda kumuuliza fundi jambo la pili: je, tovuti za mpira zinaweza kufungwa na masomo yakaachwa wazi? Fundi alisema zinaweza, akaanza kuzifunga. Karani akatazama saa ya ukutani. Kazi ilichukua dakika kumi na nne.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Baba yake aliketi safu ya mwisho, na kofia yake ya kazi magotini. Msemaji wa kwanza, mwakilishi wa wazazi, alisema wanafunzi tisa kati ya kumi huingia mtandaoni kucheza. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye kalamu nyekundu, akamuuliza namba hiyo ameitoa wapi. Akajibu kwamba jambo hilo linajulikana. Kalamu haikuandika kitu.

Karani alipoitwa, alimpa mwenyekiti jedwali na kuketi wima. Mwenyekiti alisoma kimya, kisha akauliza kama hamsini na moja ile ni kosa la kuchapa. Karani alisema si kosa.

“Mnakuja kujishtaki wenyewe, halafu mnaomba tusifunge?”

“Mpira ufungwe, mheshimiwa. Fundi wetu aliufunga jana kwa dakika kumi na nne. Kifungu cha sita kinafunga na fizikia, na sisi hatuna mwalimu mwingine.”

Mjumbe mmoja akauliza, kwa kejeli kidogo, huyu mpenda mpira wa mashine namba tisa ni nani.  Nyuma ya Karani kiti kilisogezwa.

“Ni mimi, mheshimiwa,” alisema Spika, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikumtangulia. “Tangu jana nasoma jiografia. Sina namna.”

Ukumbi ulicheka, hata yule mjumbe. Mwenyekiti hakucheka. Aliomba kurasa mia na nne, akachagua tatu bila mpango, na akamtaka katibu wa kamati azilinganishe na jedwali pale pale. Zililingana.

Saa tano na robo uamuzi ulisomwa: kifungu cha sita kinarudishwa kwa waandishi wa muswada, kiandikwe upya ili shule yenye kumbukumbu za matumizi zinazokaguliwa ijisimamie bila kibali cha kila siku. Mpaka kiandikwe, hakuna shule itakayofungiwa intaneti. Nakala ya jedwali ikapigwa mhuri.

Nje, baba aliomba jedwali. Alijumlisha mwenyewe kwa kalamu ya risasi, akiwa amesimama, akianzia chini kwenda juu.

“Imetimia,” alisema. Akamuuliza mwakilishi wa wazazi, aliyekuwa akipita, ile barua yenye saini iko wapi.

Ijumaa saa nane mchana fundi alifungua chumba cha kompyuta. Waliingia kumi na mmoja, somo likiwa lenzi. Kila mmoja aliandika jina lake, saa, na neno fizikia, kwa ukamilifu, mstari mmoja baada ya mwingine.