Jicho la Kushoto

"Bado tu?" Baba mdogo alinipigia kelele kutoka chini ya ngazi. "Wakwe wa binti yangu wako njiani, mwanangu. Malizia!"

"Limebaki jicho la simba," nikamjibu bila kugeuka.

Nyumba nzima ilinuka rangi mbichi. Mafundi wa umeme walikuwa wanakusanya vipande vya waya, na mama mdogo alikuwa anapiga deki mahali alipokwisha kupiga deki. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwaangalia usoni wanyama wangu wa mbao. Ndivyo nilivyotaka.

Macho huchongwa mwisho. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo. Mnyama hufungwa kwanza mahali pake, fundi akaona mwanga unaingilia wapi, ndipo ampe macho. Ukimpa macho karakanani, alikuwa akisema, utampeleka nyumbani kwa watu akakodolee ukuta. Baba mdogo hakuwahi kuyaweza. Miaka yote waliyochonga pamoja, ndugu wawili chini ya bati moja, yeye alitoa miili, baba akatia macho, na wateja wakadhani kazi ni ya mkono mmoja.

Kisha ikaja kazi ya haraka kama hii. Baba aliinama kumwonyesha mdogo wake kwamba nyuzi za gogo lile zinakwenda kinyume, apunguze nguvu. Baba mdogo akacheka, akapiga tezo vilevile. Kibanzi kikaruka, kikamwingia baba kwenye jicho la kushoto. Kope ile haikunyanyuka sawasawa tena mpaka anaingia kaburini.

Ajali haina kinga, hilo ningemsamehe. Maneno yake ndiyo sikuyasamehe. Aliwaambia wateja kwamba kaka yake kajiumiza mwenyewe, kwamba mikono imeanza kumtetemeka, kwamba mwenye chongo hawezi kuchonga kitu kikanyooka. Jina likamganda baba: Fundi Chongo. Si muda akawa hana pa kukaa kwenye karakana aliyoijenga kwa jasho lake. Aliishia kuchonga miiko nyuma ya jiko letu, na baba mdogo kila akipita alitania, "Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, au vipi kaka?" Watu walicheka. Baba naye alicheka, jicho likisinzia, kikunjo kidogo kikijitokeza chini yake, na kicheko hicho kiliniuma kuliko vyote. Nilipotaka kwenda kusema ukweli hadharani, alinikataza. "Ni ndugu yangu," alisema. Mama peke yake ndiye aliyelikataa jina lile. "Chongo gani?" aliwauliza majirani. "Mume wangu ana kengeza." Akipenda, chongo huita kengeza, na mama alipenda.

Baba akatutoka. Baba mdogo akajenga ghorofa. Aligombana na fundi aliyekuwa akimchongea wanyama wa kwenye nguzo za ngazi, fundi akaenda zake na kuacha magogo yana masikio lakini hayana sura, na wakwe wa binti yake walikuwa waje wiki ileile kuiona nyumba. Ndipo akaja kwetu, mpole kama maji ya mtungi.

"Hakuna mwingine anayeyajua macho ya kaka," alisema.

Alitamka hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda cha baba. Nilikubali palepale, hata mama akanitazama. Nilichonga kutwa mpaka viganja vikatoka malengelenge, na nakuapieni sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Swala alikuwa na shingo ya kutaka kukimbia. Bundi ungemsikia akijipukuta. Kobe nilimpa mikunjo ya mzee anayekataa kuhamishwa.

Wakwe walisifu tangu mlangoni. Mama yake bwana harusi alipanda taratibu, akiwapapasa mmoja mmoja, mpaka akamfikia simba.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila mbona wote jicho la kushoto limesinzia?"

"Wana chongo!" mumewe akadakia, akicheka.

Hapo ndipo baba mdogo alipotazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama swala, akamtazama bundi, akamtazama kobe. Kope ileile imeshuka, na chini yake kikunjo kilekile. Uso ukamsawijika. Wageni wote walimgeukia mwenye nyumba wapate maelezo, nami nilisimama pembeni na patasi yangu, nikaona utamu ambao sitaki kuuficha.

"Ni... ni mtindo," alisema. Wageni wakaupokea mtindo, wakaenda kula.

Walipoondoka alinijia mbio. "Umenifedhehesha nyumbani kwangu! Yafungue hayo macho."

"Mbao ipo, baba mdogo. Nimekubakishia." Nikamnyooshea patasi. "Jicho lililosinzia ni la kukatwa kidogo tu. Fungua."

Aliishika. Akaiegesha kwenye kope ya simba, na mkono wake ukaanza kutetemeka, ule mkono wa mtu aliyewaambia watu kwamba kaka yake ndiye anayetetemeka.

"Au mwambie mama hapa, kwa sauti, nani alirusha kile kibanzi," nikasema. "Ukisema, nitayafungua yote kabla jua halijazama."

Mama, aliyekuja kusaidia kupika, alikuwa kwenye kidato cha chini, ameshika sahani za wageni. Baba mdogo alimtazama. Kisha akailaza patasi juu ya kidato na kusogea ukutani.

Mama aliziweka sahani chini, akapanda akampita, akamfuta simba vumbi la mbao kwenye jicho kwa upindo wa mtandio wake.

"Waache, shemeji," alisema. "Hawana chongo hawa. Wana kengeza."

Nikachukua patasi yangu, tukaenda zetu nyumbani. Chumba anacholala baba mdogo kiko juu, na ngazi ni hiyo moja.