Pangaboi la Mwenyekiti

Yeremia, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyeipigania pampu ya upepo, na hilo hakuna aliyelisahau, hasa mkewe Magreti.

Kijiji kilikuwa kipya wakati huo, chini ya milima ya Vidunda. Wengine waliteremshwa kutoka mlimani, wengine wakatolewa mabondeni, nyumba zikapangwa mistari kama watoto wa shule kwenye gwaride. Maji yalivutwa kisimani na injini ya dizeli iliyokohoa kuliko ilivyofanya kazi. Wilayani walipouliza kama wanataka injini nyingine au pampu ya upepo, Yeremia alisimama mkutanoni akavuta koti lake vizuri.

"Ndugu zangu, dizeli lazima ifuatwe Kilosa. Upepo nani anaufuata? Unakuja wenyewe, haudai posho, na hauli chochote!"

Makofi yakapigwa. Mwanvua peke yake, mama wa bondeni aliyeongoza kamati ya maji, akanyoosha mkono.

"Na usipokuja, ndugu mwenyekiti?"

"Utakuja, mama."

Na kweli ulikuja. Mafundi walisimamisha mnara wa chuma wenye mapanga juu na mkia nyuma, na kijiji kizima kikauita Pangaboi. Kiangazi kile maji yalifurika tangini. Kabla ya kuondoka, mafundi waliacha kopo la grisi na maelekezo: gia zipakwe kila wiki, waya wa breki ukaguliwe, ngozi za pampu zibadilishwe zikichakaa. Yeremia aliitikia kila neno. Baada ya hapo hakuna aliyepanda mnara. Grisi iliisha hata hivyo, na baiskeli za kijiji hazikuwahi kuwa kimya namna ile.

Ndipo Pangaboi likaanza kulia. Lililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, mchana na usiku, mpaka mwalimu akawa anafundisha kwa ishara. Grisi ikatafutwa mpaka Mikumi, ikakosekana. Yeremia akaamua wapake mafuta ya karanga. Kelele zikapungua, ila tumbili wakashuka kutoka msituni kulamba gia, na watoto wao wakaufanya mkia wa Pangaboi bembea. Waya wa breki nao ulikuwa umeshaliwa na kutu, kwa hiyo wakafunga kamba ya katani mahali pake. Mafuta yakawa yanaidondokea kamba ile taratibu, na panya wakapata habari.

Baadaye maji yakaanza kutoka kama mate. Mathias, fundi baiskeli, akaifungua pampu akakuta ngozi zimechakaa kama karatasi.

"Inatakiwa ngozi nene, lakini laini," alisema, akiwa anatazama chini.

Yeremia akafuata macho yake mpaka kwenye miguu yake mwenyewe.

"Viatu hivi nilifungia ndoa!"

"Ndiyo maana ngozi yake bado nzima," Mathias akasema.

"Vua, baba Simoni," Magreti akamwambia. "Ndoa ipo, maji hakuna."

Viatu vikakatwa. Pampu ikafungwa vizuri kabisa, na upepo ukaacha kuvuma.

Ulikuwa mwezi wa kumi, joto limekaa bondeni kama kifuniko, mto umebaki matope. Wakati maji yalipohitajika kuliko wakati wowote, Pangaboi lilisimama limekodoa macho. Na ndipo ikaja taarifa kwamba mgeni kutoka wilayani anakuja kuona mfano mzuri wa kijiji kinachojitegemea.

Siku ya ugeni Yeremia alipanda mnara mwenyewe, kandambili miguuni na koti mwilini. Nia yake ilikuwa ayasukume mapanga kwa mkono gari litakapotokea, yazunguke kidogo tu, mgeni aone. Akasukuma mara mbili tatu. Ghafla upepo ukateremka kutoka mlimani kwa fujo. Pangaboi likageuka, likamchania pindo la koti, na mapanga yakaja kuziba ngazi, yanazunguka vu-vu-vu. Yeremia akabaki upande wa pili, amekumbatia chuma.

"Vuteni kamba ya breki!" akapiga kelele.

Mwanvua akavuta. Kamba yote ikamwangukia miguuni, ncha yake imetafunwa.

Lakini maji yalikuwa yanatoka! Wanawake wakaja mbio na madebe. Mathias akachukua kamba nyingine apande, nao wakamshika shati.

"Mnanishika kwa nini? Mwenyekiti ataanguka!"

"Ameshikilia vizuri," Mwanvua akasema. "Tujaze kwanza."

Gari likafika katikati ya foleni. Mgeni akaamkiwa, akauliza mwenyekiti yuko wapi. Mwanvua akaelekeza kidole juu.

"Nishusheni!" Yeremia akalia.

"Anasemaje?" mgeni akauliza, maana gia zilikuwa zinapiga mayowe.

"Anasema karibuni sana."

Mgeni akahutubia, akamsifu kiongozi asiyekaa ofisini bali anayepanda kukarabati mali ya umma kwa mikono yake. Makofi yakapigwa. Yeremia naye angepiga kama mikono ingekuwa na nafasi.

Upepo ulipotulia jioni, alishuka na nusu ya koti. Katika mkutano uliofuata akasimama.

"Niliwaambia upepo hauli chochote," alianza. "Umekula grisi, karanga, viatu vyangu na koti. Na tukiwa na kiu, haupo. Nilikosea, ndugu zangu. Tuombe pampu ya mkono kwa miezi kama hii, na Pangaboi tulitunze kwa ajili ya miezi ya upepo."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakakubali. Kila nyumba itachangia grisi na kamba. Mwanvua akapendekeza mpakaji awe mwenyekiti, kwa kuwa njia ya juu ameshaizoea. Hakuna aliyepinga.

Yeremia alipanda wiki ya kwanza akinung'unika. Wiki ya pili akagundua kwamba kule juu hakuna mtu anayemfuata kulalamikia mpaka wa shamba wala mbuzi wa jirani. Akapaka gia, akaketi, akatazama mashamba ya miwa ya Ruhembe yanavyong'aa kwa mbali.

"Baba Simoni, bado tu?" Magreti akaita kutoka chini.

"Bado, mama Simoni. Gia hizi zina kazi."