Jina la Bi Mwanasha

Mume wangu Mrisho ni fundi mzuri wa kuchapa fulana, ila ubishi wake ungewatosha wanaume watatu. Kaka yangu Harithi alipoleta Dodoma ile mashine inayochora maandishi moja kwa moja juu ya skrini, kile kitambaa cha fremu kinachopitisha wino, bila filamu, mafundi wote wa mjini walikwenda kuitazama. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye ndugu Dubai anashusha kitu. Mrisho peke yake alibaki dukani, Majengo, akijifanya ana kazi.

Mimi nilikwenda. Kwetu filamu, ile plastiki angavu yenye maandishi, ilitoka Dar kwa basi, ikalazwa juu ya skrini iliyopakwa dawa, juu yake kioo, kisha taa. Vumbi la Dodoma halina adabu: chembe moja ikiingia chini ya kioo, herufi inatoboka, na wa kuziba matundu kwa brashi ni mimi. Kwa Harithi hakuna kusubiri basi, hakuna kioo, hakuna kuziba. Tena hakuna cha kulaza vibaya. Maana filamu ina pande mbili, na ukiilaza kwa upande usio wake, maandishi yanatoka yamegeuka.

"Mpelekee fremu zetu akuchoree," nilimwambia Mrisho.

"Nikampigie magoti shemeji kwa kazi ninayoijua?"

Nikachukua brashi yangu, nikarudi kuziba matundu.

Ndipo ikaja kazi ya Mwalimu Abdulnasiri wa Kolo, kule Kondoa, aliyemfundisha Mrisho Kurani utotoni. Presha ya macho ilikuwa inampofusha. Kabla giza halijamziba kabisa, aliandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, jina la mama yake, Mwanasha, ambalo ndilo jina la madrasa yake. Alitaka wanafunzi walivae kifuani siku ya Maulidi. Hati yake ilisifika Kondoa nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Filamu iliporudi kutoka Dar, Mwalimu alikuwa haoni tena hata mwanga wa mlango.

Umeme ulikatika siku mbili. Ulirudi Ijumaa adhuhuri, Mrisho anatawadha. Akamwachia kazi Thomas, kijana wetu wa Mpwapwa, Mkristo, mchapakazi hodari. Thomas aliipima filamu kama anavyopima siku zote: upande unaosomeka ndio sahihi. Herufi za Kiarabu hakujua kuzisoma. Alifuata alivyofundishwa shule, mstari unaanzia kushoto, akaona kile kichwa cha mviringo kikikaa kushoto ndio mwanzo mzuri wa neno. Sisi tukiwa msikitini, yeye akachapa fulana zote, kwa wino mzito wa mpira, akazikunja na kufunga. Tulipotoka kuswali tulipakia gari bila kufungua hata moja. Mrisho alisema tunachelewa Maulidi ya jioni ile.

Kolo wanafunzi walizivaa kwa furaha, kisha wakaanza kutazamana vifuani. Wakubwa wakaziba midomo. Nilipotazama, jina lilikuwa limegeuka, kama linavyoonekana kwenye kioo.

"Asiambiwe," Mrisho alininong'oneza. "Haoni. Nitachapa upya baadaye."

Nilimchukia mume wangu saa ile, Mungu anisamehe.

Mwalimu alikuwa amekaa mkekani, kanzu safi, binti yake Mwanaidi kando.

"Mrisho mwanangu, zimetokaje?"

"Safi kabisa, Mwalimu."

"Alhamdulillahi. Nipe moja niishike."

Mrisho hakusogea, wala mimi. Mwanaidi, ambaye hakuwahi kusoma hati ya baba yake vizuri, akampa. Mwalimu akaitandaza pajani, akapapasa wino uliotuna, akacheka kidogo kwa raha. Kisha akaweka kidole kulia kabisa, mahali neno linapoanzia, akitafuta kichwa cha mviringo cha mim, herufi ya kwanza ya jina. Kidole kikakuta alifu imesimama. Akarudi, akaanza tena. Akakuta alifu.

"Alifu ndiyo ya mwisho," alisema taratibu. "Mbona imetangulia?"

"Mwalimu, filamu ninayo," Mrisho alianza. "Wiki ijayo tu..."

"Watoto wamezivaa?"

Mrisho akaniangalia mimi nimjibie. Sikukubali kumsaidia uongo wa pili.

"Wamezivaa, Mwalimu," nikasema.

"Na watu wamesoma?"

"Wamesoma."

Alikunja fulana polepole, pembe kwa pembe, akamrudishia Mrisho mikononi. Nje dufu za Maulidi zilikuwa zimeanza kupigwa.

"Mwanaidi, nipeleke ndani," alisema. "Waambie waendelee bila mimi."