Oolong ya Kuchumwa kwa Mkono

Mubin alipoimwaga chai ya kwanza yote kwenye sinia, bila hata kuionja, Phyllis alishika mdomo. Chai nzima! Kwao Kericho ukimwaga chai mbele ya mgeni, mgeni atauliza kuna ugomvi gani ndani ya nyumba hii. Na haikuwa chai ya kubahatisha. Ilikuwa oolong ya milima mirefu ya Taiwan, ambayo Mubin alikuwa ameisifu tangu mlangoni mpaka akaomba maji ya kunywa.

"Usishtuke, dada," Mubin alicheka. "Maji ya kwanza ni ya kuyaamsha majani. Twanywa kuanzia ya pili."

"Kwani yamelala?"

"Fofofo! Hebu ngoja uone yakiamka."

Mubin alikuwa dalali wa chai, mtu wa Mombasa, mwenye maneno ya kukuuzia kanzu uliyoivaa mwenyewe. Aliyekuwa akishawishiwa ni Badriya, mzaliwa wa Dubai wa ukoo wa Unguja, ambaye alikuwa amekodi ghala Al Quoz katikati ya gereji mbili, akalipaka rangi nyeupe, akaweka meza fupi na mito. Mwisho wa mwezi alitaka lifunguliwe kama nyumba ya chai, lakini chai saba alizoonjeshwa zote alizikataa. Mwaka huo, 2008, kila mtu mjini alikuwa anafungua kitu, na Badriya hakutaka cha kwake kifanane na cha mtu.

Phyllis alikuwa mfanyakazi wake wa nyumbani. Leo aliitwa naye aonje, kwa kuwa Badriya alikuwa amemwahidi kwamba nyumba ya chai ikifunguliwa, yeye ndiye atakayekuwa mpika chai, na viza yake itaandikwa upya. Isipofunguliwa, viza inaisha mwezi ujao na Phyllis anarudi Kericho, ambako hana kazi wala nyumba. Kwa hiyo asubuhi hiyo alikuwa tayari kusifu hata maji ya kufulia.

Mubin alimimina maji ya pili, ya moto kabisa, ndani ya buli lisilozidi chungwa kwa ukubwa. Akafunika, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikimcheza, kisha akagawa kwenye vikombe vidogo. Chai ilikuwa ya manjano hafifu. Phyllis aliidharau hapo hapo. Turungi kwao hunywewa maziwa yakikosekana, na hata hiyo turungi huwa na rangi ya kueleweka.

Akanywa. Mama yangu! Kwanza harufu ilimpanda puani, ya maua asiyoyajua, halafu ulimi ukapata ulaini kama wa maziwa, na hapakuwa na hata tone la maziwa. Akameza, akadhani imekwisha. Utamu ukarudi kutoka kooni, wenyewe, bila sukari, ukakaa. Alimtazama Badriya, akamkuta amefumba macho.

"Hii," Badriya alisema polepole. "Hii ndiyo, mwenzangu. Hii ndiyo."

"Alhamdulillahi," Mubin akadakia. "Na imechumwa kwa mkono, madam, jani moja moja, huko juu mawinguni. Andika hivyo ukutani, watu watapanga foleni mpaka barabara kuu."

Viza ilikuwa imepatikana. Phyllis alijishughulisha na vyombo ili furaha yake isionekane. Alipofunua buli akapigwa na butwaa. Vile vidonge vikavu alivyoviona vikiingia vilikuwa vimefunguka, vimejaza buli lote, majani makubwa ya kijani yenye vikonyo, mabichi kana kwamba yametoka shambani leo. Miaka kumi na moja alichuma chai, na hakuwahi kuliona jani lake tena baada ya kupelekwa kiwandani. Kule chai hutoka ikiwa chembechembe. Nani atajua ilipita mkono gani? Alitumbukiza vidole akatoa jani moja, akalilaza kiganjani. Alitaka kulia.

Ndipo akaona limekatwa.

Jani likichanika huwa na ukingo wa kuparaza. Hili lilikuwa limepitwa na chuma katikati, mstari umenyooka. Akatoa la pili: shina refu, jani nusu. La tatu, vivyo hivyo. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Mkono hufuata majani mawili na chipukizi, hukwanyua, na jani hubaki zima. Phyllis aliujua mkato huu. Aliujua tangu asubuhi ile ya 2006, mashine ilipoletwa shambani kwao, wanaume wawili wakaishika huku na huku, ikapita juu ya michai ikinyoa, na kufikia saa sita ilikuwa imemaliza kazi ya wanawake thelathini. Jina lake lilisomwa la nne miongoni mwa waliotakiwa kuondoka.

Nyamaza, alijiambia. Nyamaza, Phyllis, una mtoto shuleni. Akanyamaza, tena vizuri tu, mpaka Mubin aliposema tena, "Kwa mkono, madam, wallahi," na mdomo wa Phyllis ukafunguka wenyewe.

"Si mkono. Ni mashine."

Nje, fundi wa gereji aligonga chuma mara mbili, akaacha.

"Ati nini?" Badriya aliuliza.

"Madam, mimi nimechuma majani miaka kumi na moja. Hii imekatwa na mashine. Ona." Aliyapanga majani juu ya sinia. "Na hiyo mashine hubebwa na watu wawili. Kwa mlima mkali vile anasema, wangeanguka nayo."

Mubin alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema majani huumia safarini. Akasema naye aliambiwa tu hivyo hivyo. Mwishowe akanyamaza, na kwa mtu kama Mubin huko kulikuwa ni kukiri.

Badriya alichukua jani moja akaenda nalo dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena. Phyllis aliiona viza yake ikienda. Alijilaumu, akajitetea, akajilaumu upya. Badriya aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Mubin, basi utanipunguzia. Nusu."

"Madam, jamani..."

"Nusu, au ichukue uondoke nayo. Chai ni nzuri, sikatai. Na ukutani nitaandika vilevile: kwa mkono."

Phyllis alidhani hakusikia vizuri.

"Nani mwengine Dubai nzima atafunua buli akajua? Mmoja tu, na tunaye." Badriya alimgeukia, kwa mapenzi kabisa. "Tena Mungu katuletea. Nitakushonea kilemba, nikununulie na kikapu cha mgongoni. Utasimama pale mlangoni, wageni wakiuliza uwaoneshe mikono yako. We si ulichuma kweli? Hutasema uongo hata kidogo."

Phyllis alikuwa amejiandaa kufokewa. Alikuwa amejiandaa, Mungu amsamehe, hata kushukuriwa. Hili hakulitegemea.

"Madam, mashine ilichukua kazi yangu," alisema. "Sasa wataka niipatie na mikono?"

"Lugha gani hiyo? Mimi nakupa kazi, wewe unanipa mafumbo."

"Chai nitapika. Nitafagia. Hiyo ya kusimama na kikapu, siwezi."

"Huwezi?"

"Siwezi, madam."

Badriya alimtazama, akaonekana kusikitika kidogo. Kisha akatoa simu mkobani akampigia wakala wa wafanyakazi, pale pale, Mubin akisikiliza na Phyllis akiwa bado ameshika buli.

"Nataka Mkenya mmoja, mwanamke, mwisho wa mwezi." Akasikiliza. "La, si lazima awe amewahi kuchuma chai. Mikono yake tu iwe imefanya kazi, ionekane." Akasikiliza tena. "Eeh, hata wa Uganda, haidhuru."

Kukosa kazi, hilo Phyllis alikuwa amelikubali dakika ile aliyosema hawezi. Lililomwacha mdomo wazi ni kwamba hata mikono nayo inaagizwa kwa simu, na haichukui dakika. Aliweka buli mezani taratibu, asije akalivunja, akaenda kutafuta viatu vyake.