Ukurasa wa Arobaini na Saba

"Arobaini na tano. Arobaini na sita." Kidole cha mkutubi kilisimama. "Arobaini na tisa."

Akakilowesha kwa ulimi, akahesabu upya. Ndivyo alivyopokea kila kitabu, hata kamusi, nasi wanafunzi tulimcheka kuwa hata mchele lazima auhesabu punje kwa punje kabla ya kuinjika. Siku ile sikucheka. Ukurasa alioutafuta ulikuwa ndani ya soksi yangu, umekunjwa mara nne.

Mwongozo wa vyuo ulikuwa mmoja shule nzima. Siku tatu kabla nilikuwa nimesoma humo habari za chuo cha upimaji ardhi: ada hailipwi, kila shule itatuma jina moja, la mwombaji mwenye alama za juu kuliko wenzake, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Alama za juu zilikuwa za Sindano, binti wa mama mkubwa, niliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni. Asipojua, haombi. Asipoomba, jina ni langu. Nikauchana ukurasa ule, na fomu yangu nikaipeleka kwa mkuu wa shule kimyakimya.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tano na robo.

"Kumbe ndiyo maana chuo cha upimaji kimo kwenye orodha ya mbele, ila ukurasa wake siuoni," Sindano alisema kutoka mezani. "Basi, nitajaza uhazili. Wewe umeshachagua?"

"Bado naangalia."

Uongo ulitoka laini, na hilo liliniogopesha.

"Shika kalamu yangu, mdogo wangu. Hiyo yako inakwaruza tu."

Mkutubi alifunga mwongozo bila kumtazama mtu. "Naenda kuchota maji. Sindano, nisaidie ndoo. Nikirudi nahesabu tena."

Nikabaki na saa ya ukutani. Ilinipasa kukaa kimya kwa dakika arobaini tu, na mambo yangu yangenyooka. Nilijiambia kila mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini kalamu ile ilikuwa bado na joto la mkono wake, nami nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, kwa kunitendea wema saa ile ile niliyotaka anikosee.

Nikauchomoa ukurasa, nikaukunjua, nikaurudisha mahali pake. Kisha nikapiga kelele dirishani.

"Sindano! Njoo! Upo, ulinasa kwenye jalada!"

Alikuja sketi imelowa maji. Akausoma. Akapitisha kidole kwenye mikunjo, mmoja baada ya mwingine, karatasi ikiwa bado na unyevu wa jasho langu. Alinitazama mara moja tu. Akachukua kalamu yake, akatoka mbio.

Jina lililotumwa lilikuwa lake. Nyumbani walimpigia vigelegele. Mkutubi aliubandika ukurasa kwa gundi na hakuniuliza neno. Mwaka mzima nilikaa nyumbani, na barua za Sindano zilikuja kwa mama mkubwa, zikinisalimu mstari wa mwisho.

Kisha siku moja kikaja kifurushi chenye jina langu. Ndani mlikuwa na mwongozo mpya wa vyuo, kurasa zake zikinukia wino, na kipande cha uzi kimewekwa penye upimaji ardhi. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wake mwembamba:

"Waliomaliza mwaka jana nao wanaruhusiwa. Huu usiukunje."