Mama Rebeka wa Kirumba

Gauni lilikuwa la rangi ya embe bivu, lenye mikono ya puto na ua kiunoni, na Modesta alilishona kwa mapenzi ambayo hakuna mteja wake aliyewahi kuyapata. Alilituma Ukerewe kwa mkono wa abiria wa meli, akakaa akisubiri simu ya mama yake.

"Limefika," alisema Bibi Getruda. "Zuri mno. Ila limekwama mabegani, halikushuka. Nimempa mtoto wa jirani."

"Limekwama?"

"Mtoto anakua, mwanangu. Kwani ulimpima lini?"

Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwa Modesta kama kila siku. Alikijua kiuno cha mke wa mchungaji. Alijua kuwa bega la kushoto la jirani yake Mwaija limeinama kidogo kuliko la kulia. Kirumba nzima ilimwita Mama Rebeka, na Mama Rebeka hakujua mabega ya Rebeka yana upana gani.

Haikuanza hivyo. Mtoto alipokuwa mchanga, Modesta alishona naye mgongoni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga mlimani. Mumewe, Masalu, alikuwa mgodini Geita, akija siku chache kisha anaondoka. Rebeka alipoanza kutambaa, mambo yakawa magumu. Mara kavuta waya wa pasi, mara ana vifungo mdomoni, mara mteja amesimama mlangoni anadai nguo yake, mtoto analia na uji unaungua jikoni. Bibi Getruda alikuja kuwasalimia akayaona hayo yote kwa macho yake.

"Niachie nikae naye Ukerewe," alisema, "mpaka kazi yako ichanganye."

Kazi ikachanganya kweli. Cherehani ya mkono ikawekwa pembeni, ya umeme ikachukua nafasi yake. Lakini kila Modesta alipotaka kwenda kumchukua mwanawe, palikuwa na harusi ya mtu, au kwaya inataka sare, au shule zinafunguliwa. Alijiambia, nikimaliza hizi. Hizi hazikuisha, na miaka ikapita. Jioni akifagia, alijikuta ameokota vipande vya vitambaa vyenye maua akaviweka kando, vya nguo ya mdoli, kisha akakumbuka hakuna wa kumpa.

Siku ile ya simu, Mwaija alikuja kujaribu gauni lake. Alikuwa anamwoza binti yake, Raya, na sare za akina shangazi wote zilikuwa mikononi mwa Modesta.

"Nakwenda kumchukua mwanangu," Modesta alimwambia, pini zikiwa bado mdomoni.

"Sasa? Na nguo zetu?"

"Nimeshazikata. Nitakwenda nazo."

Mwaija alimtazama, akashusha pumzi. "Zikichelewa nitakulaumu mpaka uchoke. Lakini nenda, Mama Rebeka. Nenda."

Akafunga vitenge kwenye begi, akabeba ile cherehani ya mkono, akapanda meli ya Nansio. Alikusudia kulala usiku mmoja tu. Njia nzima alikuwa akiona mtoto anamkimbilia, mikono imenyooka.

Aliyemkuta uani alikuwa msichana mrefu, mwembamba, anawafukuza mbuzi kwenye mihogo iliyoanikwa huku akiwagombeza kwa Kikerewe. Alipomwona mgeni, alijificha nyuma ya gauni la Bibi Getruda. Kisha akachungulia, na kwa adabu aliyofundishwa akaamkia.

"Shikamoo, shangazi."

Modesta alimgeukia mama yake.

"Siyo shangazi," alisema Bibi Getruda. "Ni mama yako, yule tunayeongea naye kwenye simu."

Rebeka alimkagua mgeni kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akashika mkono wa bibi yake. "Mama ni huyu," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemsahihisha aliyekosea njia.

Asubuhi yake, alipoona nguo zake zinakunjwa, mtoto alikimbilia kwenye migomba na kulia mpaka sauti ikakauka. Modesta alisimama na begi mkononi. Angeweza kumbeba kwa nguvu, alikuwa na haki hiyo. Akaliweka begi chini, akatandika mkeka uani, akatoa cherehani na kuanza kuunga sare za akina shangazi wa Raya.

Alishona siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Hakumwita mtoto. Mlio wa cherehani ndio ulimwita. Kwanza Rebeka alisimama mbali na mbuzi wake, halafu akakaa ukingoni mwa mkeka, halafu akauliza kwa Kikerewe kama ule mkono wa chuma unauma.

"Hauumi. Jaribu," alijibu Modesta, akiyatafuta maneno ya lugha ya utotoni mwake ambayo mjini hakuwa na wa kuizungumza naye.

Rebeka akazungusha. Mshono ulikwenda upogo kama njia ya mlevi, na wote wawili wakacheka. Baadaye Modesta aliufumua mshono ule mtoto akiwa hamwoni, na machozi yakamtoka, kwa sababu kicheko kile kilikuwa kimekua bila yeye. Rebeka alikuwa na pengo la jino ambalo Modesta hakuliona liking'oka. Alikuwa na wimbo wa kuanulia mihogo, na alichukia maziwa ya mgando. Yote hayo mtu mwingine ndiye aliyemweleza.

"Twende wote, mama," alimwambia Bibi Getruda walipokuwa wanapepeta mtama.

"Niwe mgeni kwenye chumba cha cherehani? Nina mihogo yangu." Bibi aliendelea kupepeta. "Kabla yake nilikuwa nasema na kuku. Nitarudi kusema nao. Mchukue. Wa kwako ni wa kwako. Ila usimwambie kuwa anarudi kwao. Kwake, anaondoka kwao."

Kwenye meli Rebeka alilia mpaka usingizi ukamchukua mapajani mwa Modesta, na Modesta hakusogeza mguu ingawa ulikuwa umekufa ganzi.

Sare zilichelewa kidogo, na Mwaija akalaumu kama alivyoahidi, huku akimpa mtoto chapati ya moto. Siku hizi Modesta huchukua kazi chache. Wapo wateja waliohamia kwa mafundi wa Nyakato, na wapo waliovumilia. Chini ya meza ya kukatia kuna makazi ya Rebeka, yenye mto na shuka.

Mchana mmoja mtoto alitoka huko chini akasimama mlangoni, akitazama ziwa lililotandaa chini ya mawe makubwa ya mlima.

"Bibi yuko upande gani?"

Modesta alizima cherehani, akatoka, akamwonyesha kwa kidole kule maji yanakoungana na mbingu. Walisimama pale, kila mmoja na hamu yake.

"Bibi aliniambia nikuite mama," alisema Rebeka.

"Na wewe unataka kuniitaje?"

Mtoto akafikiri. "Bado sijajua."

"Haya. Ukijua utaniambia."

Rebeka akaitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa bado majini. Ndani kulikuwa na gauni la mtu linalosubiri zipu. Modesta aliliacha lisubiri.